Nebulaiza ya wavu: mwaka mmoja na eFlow rapid ya mwanangu

Mwanangu ana miaka 9 na ana sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu makohozi mazito. Tunaishi Hamburg. Kwa nebulaiza, mashine inayogeuza dawa iwe ukungu wa kuvuta, huvuta maji ya chumvi ya asilimia 7, mililita 4, asubuhi na jioni, na Pulmozyme, dawa ya kulainisha makohozi, mara moja kwa siku. Ikifika zamu ya tobramisini, antibiotiki, anavuta mara mbili kwa siku, siku 28, kisha anapumzika siku 28. Kwa nebulaiza yetu ya zamani, ya kompresa, tobramisini peke yake ilikula dakika 20. Nilikuwa namwamsha saa kumi na moja na nusu alfajiri, mashine ikinguruma hata hasikii ninachomsomea.

Sasa anatumia eFlow rapid ya PARI. Tobramisini dakika 7, chumvi dakika 5. Nimepima kwa saa ya jikoni. Kompresa husukuma hewa kwa nguvu ili ivunje dawa iwe ukungu. Hii ina wavu, yaani kisahani cha chuma chenye maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho. Kinatetemeka, dawa inapenya. Haipigi kelele. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mama, imewaka?"

Lakini wavu ule ndio roho ya mashine, na unataka kutunzwa. Kila baada ya dozi nafungua vipande vyote, nasuuza, naosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Mara moja kwa siku nachemsha dakika 5 kwa maji yasiyo na chokaa, yale yanayouzwa kwa ajili ya pasi, kisha naacha vikauke kabisa, maana Pseudomonas, bakteria wanaoshambulia mapafu, hupenda unyevu. Mikrowevu hapana. Wavu usiuguse kwa kidole wala kwa brashi. Wiki moja nilikuwa zamu za usiku, nikawa nasuuza juujuu tu. Chumvi ikapanda hadi dakika 11. Kosa lilikuwa langu. Kile kifaa cha easycare, kinachosukuma maji kinyumenyume kupitia wavu, kilinirudishia mwendo.

Mzazi mwenzangu, usibadilishe mashine bila daktari wa mapafu. Kiasi cha dawa kinachofika kifuani hutofautiana kati ya mashine na mashine, na zipo dawa zenye mashine yake: Cayston, antibiotiki nyingine, huvutwa kwa mashine ya Altera tu. Nasi tuliandikiwa na kliniki, na dozi ya kwanza akaivutia palepale wakimwangalia.

Mazoezi ya kutoa makohozi yako vilevile, hayana njia ya mkato. Ila sasa anayaanza akiwa hajachoka, nami namwamsha saa kumi na mbili na nusu.

Desemba tulikwenda Tanga. Jioni ya pili umeme ukakatika. Nikatia betri nne ndogo, akavutia barazani kando ya bibi yake, akamaliza chai yake ikiwa bado ya moto.