Uzoefu wangu: Fairlight ilivyoniokoa kwenye sauti ya filamu niliyoihariri upya

Niliondoa sekunde 14 tu. Watu wawili wanaongea ndani ya behewa la treni, nami nilitaka jibu la mwanamke lije mapema. Kwa picha, mkato ulipita bila mtu kuuona. Kwa sauti, fidla iliyokuwa ikipanda chini ya maneno yao iliruka ghafla. Shabiki anayehariri upya filamu hana rekodi za awali. Maneno, muziki na milio anavipokea vikiwa vimeshaungwa.

Programu niliyoanza nayo iliifinya sauti ya 5.1, yaani ya chaneli sita (kushoto, kati, kulia, mbili za nyuma na ya besi), ikawa sterio ya chaneli mbili bila kuniuliza, nikahangaika wiki nzima na kitu kisichotenganishika. Ndipo nikahamia programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve, toleo la bure, kwa ajili ya ukurasa wake wa sauti uitwao Fairlight. Kwenye sifa za klipu nilibadilisha 5.1 kuwa chaneli sita za mono, kila moja na njia yake. Zisikilize moja moja kabla ya kugusa chochote, maana faili nyingine huweka chaneli ya kati ya pili, nyingine ya tatu.

Chaneli hiyo ya kati ndiyo roho ya kazi yote, kwa kuwa filamu nyingi huweka mazungumzo humo. Nilipoiacha peke yake nilisikia hata pumzi anayovuta yule mwanamke kabla ya kujibu. Nikazima kushoto na kulia kwenye eneo la mkato, nikatandika mngurumo wa treni niliouchukua mahali pasipo na maneno, kisha muziki mpya juu yake, ukianza sekunde mbili kabla ya picha kubadilika. Mkato wa sauti ukikaa sawasawa na wa picha, sikio linaugundua mara moja. Kwenye maneno yenyewe nilififisha fremu mbili kila upande, na kile kimlio kidogo cha "tik" kikatoweka.

Usiku, kwa visikizio, nikaisikia fidla ile ile ikivuja kwa mbali. Chaneli za nyuma! Nilikuwa nimezisahau kabisa.

Mita ya Fairlight ya LUFS, kipimo cha jinsi sauti inavyosikika kuwa kubwa, naipenda sana. Kiwango cha EBU R128, cha watangazaji wa Ulaya, ni LUFS -23, lakini sikuilazimisha filamu nzima ifike hapo. Nilipima sehemu ya awali inayopakana na mkato, nikashusha muziki wangu mpaka ukalingana nayo. Mnong'ono uacheni uwe mnong'ono.

Kuna onyesho moja bado linanisumbua, kwa sababu muziki umeingia hadi chaneli ya kati. Huko hakuna cha kuzima. Natafuta pigo la ngoma linalofanana pande zote mbili, nakata hapo hapo juu ya pigo, na nimeshapata mawili kati ya matatu ninayohitaji.