Aga-aga ya nyuzi kwa faluda ya futari: uzoefu wangu, Malindi

Miaka hii Ramadhani imeangukia kaskazi, na kwa joto letu la Malindi faluda ya gelatini haifiki magharibi ikiwa nzima. Ndiyo maana faluda ninayouza jioni naipika kwa aga-aga, kigandishio cha mwani, peke yake. Gelatini huyeyuka hata kabla ya digrii 35. Aga-aga ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie 85. Naikata alasiri, na ikiadhiniwa vipande bado vina pembe zake. Halafu kuna hili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi: gelatini hutokana na ngozi na mifupa, na pakiti nyingi hazisemi ya mnyama gani. Aga-aga ni mwani mtupu.

Si mwani ule wanaolima kina mama wa Kibuyuni, Kwale. Ule hutoa karajini, kigandishio kingine. Huu ni mwani mwekundu wa aina nyingine, hasa Gelidium na Gracilaria. Huchemshwa mpaka utoe ute, ute ukachujwa na kuachwa ugande, kisha hutiwa kwenye baridi ya barafu na kuyeyushwa, maji yakachuruzika pamoja na taka. Kinachobaki hukaushwa. Wajapani walianza kazi hii karne ya 17, wakiuacha nje usiku wa baridi kali na kuuanika mchana. Nikizishika zile nyuzi, nyepesi kama manyoya, naelewa maji mengi kiasi gani yameondoka humo.

Ya unga pia nimeitumia. Huyeyuka upesi, lakini ninayoipata dukani hupimwa kutoka mfukoni, haina lebo, na nguvu yake hubadilika. Kwa nyuzi najua ninachonunua: gramu 10 kwa lita moja ya maziwa, faluda inakatika vizuri. Roweka, chemsha kwa maji kidogo mpaka usione uzi hata mmoja, ndipo utie maziwa yaliyo moto, sukari, iliki na zafarani. Maziwa baridi yataifanya igande mabongemabonge papo hapo.

Kwa uzito wa mchuzi au uji msiinunue, wapenzi. Huko unga wa muhogo unatosha, tena ni rahisi. Na mkitaka ya ukwaju au pasheni, tieni maji ya tunda mkishaepua, maana ukali ukichemka pamoja nayo huivunja nguvu.