Mwaka mmoja na mwalimu wa chekechea wa binti yangu, Tanga

Chekechea ya kwanza tuliyompeleka binti yangu, ambayo sitaitaja jina, ilimfundisha kuogopa penseli. Hakuwa hata ametimiza miaka minne, anarudi nyumbani na kurasa mbili za kunakili herufi, na akikosea anachapwa kiganjani. Akaanza kukojoa kitandani. Tukamtoa muhula haujaisha, na ada ikaenda hivyo hivyo.

Mwalimu aliyempokea baada ya hapo ni mama wa makamo. Alifundisha darasa la kwanza miaka saba, ndipo akaenda kusomea Montessori, utaratibu wa kufundisha watoto wadogo kwa vitendo, kwa masista kule Lushoto. Nilipomuuliza kilichomtoa shule ya msingi, alinieleza kuwa watoto walikuwa wakimfikia wanaimba a, e, i, o, u bila kukosea, lakini ukiwawekea neno fupi hawajui waanzie wapi, na vidole vyao bado havijakomaa kushika penseli. "Nikaona bora niwapokee mapema," alisema.

Darasani kwake wa miaka mitatu na wa miaka sita wanakaa pamoja, kila mmoja na mkeka wake. Mwezi wa kwanza sikumwelewa kabisa. Nauliza, "Leo mmesoma nini?" Najibiwa, "Nimemimina maharage." Kesho yake tena maharage. Hakuna daftari, hakuna kazi ya nyumbani. Nikaenda kulalamika.

Mwalimu hakubishana nami. Alinipa kiti kidogo pembeni, akaniomba nikae kimya. Binti yangu alikuwa ameshahamia kwenye maji, anamimina kutoka jagi moja kwenda jingine. Yakamwagika. Nikainuka, mwalimu akanizuia kwa mkono. Mtoto akayatazama yale maji, akaenda rafuni akachukua sponji, akafuta meza, akakamua, akaanza upya. Hakuna aliyemwambia neno. Hakulia, wala hakugeuka kutazama kama kuna fimbo. Mimi ndiye niliyetokwa na machozi.

Baadaye mwalimu alinifafanulia: mkono unaomimina bila kutetemeka ndio utakaoandika. Utaratibu huu si wake. Daktari Maria Montessori aliuanza Roma mwaka 1907, na watoto wa mtaa wa mafukara. Ila mwalimu wetu ameuvalisha Kiswahili vizuri sana. Herufi zake amezikata kutoka kwenye karatasi ya msasa na kuzibandika kwenye vibao. Mtoto anapitisha vidole viwili juu yake huku akitamka sauti, "mmm", si "ema". Kwanza mwalimu anasema, "Hii ni mmm." Halafu, "Nionyeshe mmm." Mwisho kabisa ndipo anauliza, "Hii ni nini?" Mtoto asipojua, hakemewi. Kibao kinarudi rafuni hadi siku nyingine.

Mwezi wa sita nilikuwa nachekecha unga wa chapati, binti yangu akaandika kwa kidole kwenye sinia: "ebe". Alikuwa anataka embe! Nilimsimulia mwalimu, nikamuuliza kama nimsahihishe. Akasema, "Hapana, mama. Mtamkie embe taratibu mkiwa mnakula." Haikupita wiki mbili, ile m ikaingia yenyewe.

Yapo ambayo hayakunifurahisha. Ada ni kubwa kuliko za chekechea nyingi za mtaani kwetu, na ripoti ni maelezo ya kurasa mbili, haina alama wala nafasi, kwa hiyo baba yake hadi leo ananung'unika. Pia ukichelewa kumleta asubuhi, mwalimu anakwambia wazi kwamba umemkatizia mtoto kazi yake. Kwa hilo ana haki.

Mtoto wangu sasa ana miaka mitano, na penseli anaitafuta mwenyewe. Mdogo wake nimeshamwandikisha. Mzazi mwenye nia aende asubuhi, aombe kukaa darasani nusu saa kabla hajalipa chochote. Mwalimu anaruhusu, mradi ukae kimya.