Plastigage ya kijani: uzi unaokuambia ukweli kabla hujafunga krenki

Karibuni sana. Kibahasha hiki cha karatasi ndani yake mna uzi wa plastiki laini, mwembamba kiasi kwamba ukiuangusha sakafuni hutauona tena. Ni Plastigage ya kijani, inapima nafasi ya milimita 0.025 hadi 0.076. Ipo nyekundu, 0.051 hadi 0.152, na bluu, 0.102 hadi 0.229. Kwa injini ya gari dogo, anza na kijani.

Tunachopima ni nafasi ya oili kati ya beringi na shingo ya krenki, yaani ile sehemu ya duara ya mhimili mkuu wa injini inayozunguka ndani ya beringi. Kanuni ya zamani ya mafundi ni elfu moja ya inchi kwa kila inchi ya kipenyo, kwa hiyo shingo ya milimita 50 inataka kama 0.05. Hiyo ni nusu tu ya unene wa karatasi ya kuchapia! Lakini namba ya kufuata ni ya kitabu cha injini yako. Ikibana, oili haipiti, beringi inaungua na krenki inakamata. Ikilegea, injini ikipata moto presha ya oili inashuka na injini inaanza kugonga.

Sasa angalia. Bloku nimeigeuza juu chini ili krenki ilalie beringi za chini kwa uzito wake. Hapa wengi wanakosea: injini ikiwa bado ndani ya gari, krenki inaning'inia, na usipoisukuma juu kwa jeki kipimo kitakudanganya. Futa oili yote kwenye shingo na beringi, maana uzi huu unayeyuka kwenye oili. Kata kipande cha upana wa beringi, ulaze kufuata urefu wa krenki, mbali na tundu la oili. Rudisha kepu (kifuniko cha beringi), mshale uelekee ulikokuwa, kisha kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa hatua, mpaka kipimo cha kitabu. Kama bolti ni zile za kukaza mara moja tu, tumia za zamani kupimia, mpya uzitunze.

Na uzi ukiwa ndani usizungushe krenki, hata kidogo. Ukizungusha, uzi unapakaa na kazi ni bure.

Fungua. Uone ulivyobanwa ukawa utepe? Linganisha na mistari iliyochapwa kwenye bahasha: utepe mpana, nafasi ndogo; utepe mwembamba, nafasi kubwa. Huu wetu upande mmoja umetanuka kuliko mwingine, maana yake shingo imelika mshazari. Hiyo inarudi kwa fundi wa kusaga krenki.

Naipenda kwa sababu inapima vitu vikiwa vimekazwa kweli, lakini haichukui nafasi ya maikromita: shingo iliyolika ikawa si duara huioni kwa kipimo kimoja, pima tena kwa uzi mpya krenki ikiwa imegeuzwa robo mzunguko. Na uzi uliokaa dukani miaka unakauka, unavunjika badala ya kutanuka. Usinunue huo.

Kipimo kikitoka kidogo kuliko kitabu, usikimbilie msasa. Toa beringi, soma mgongoni kama imeandikwa STD (saizi ya kawaida) au 0.25 (nene zaidi, ya krenki iliyosagwa), futa nyuma yake na kiti chake, kisha weka uzi mpya upime upya.