Nishati ya kupikia: ununue ipi kama unajali misitu

Wengi mjini wanaupenda mkaa kwa sababu hauna moshi kama kuni. Moshi wake umebaki porini, kwenye tanuri la udongo, ambako kilo 1 ya mkaa hula kuni kilo 6 hadi 10. Ndiyo maana hapa mkaa nimeuweka mkiani, na kuni zimeupita.

1. Jiko la presha la umeme. Kwa maharage na makande halina mpinzani. Mfuniko umebana, joto halipotei, na maharage ya familia huiva kwa chini ya uniti moja ya LUKU. Umeme wa Tanzania hutoka zaidi kwenye maji na gesi asilia, na Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina megawati 2,115. Kabla ya kulipa, uliza kama mpira wa mfuniko unauzwa peke yake, maana huo huchakaa mapema.

2. Gesi ya mtungi. Hutokana na mafuta ghafi na gesi asilia, lakini haikati mti wala haina masizi. Kikwazo ni kujaza: hela ya mtungi inatakiwa kwa mkupuo, wakati mkaa unapimiwa kwa kopo.

3. Kuni kavu kwenye jiko banifu. Kwa mwenye shamba lake, naziheshimu. Mjohoro ukikatwa huchipua kisikini, na machipukizi yakikua hufyonza tena hewa ukaa iliyotoka jikoni. Hesabu hiyo inakubali pale tu unapokata polepole kuliko miti inavyoota. Ukinunua mzigo, gonganisha vipande viwili: vikavu hulia kwa ukali, vibichi hutoa mlio mzito uliofifia. Angalia na ncha, zikiwa na nyufa ni dalili njema. Kuni mbichi humaliza moto kwa kukausha maji yake zenyewe, na moshi wake ndio unaoharibu mapafu ya mama na watoto. Mafiga matatu ndani ya nyumba siyatetei hata kidogo.

4. Mkaa mbadala. Uliza umetengenezwa kwa nini. Wa vifuu vya nazi ni mzuri. Upo pia wa makaa ya mawe. Huo unaokoa mti, ila hewa ukaa yake haina mti wa kuirudisha. Ukimeguka kirahisi mkononi, uache.

5. Mkaa wa miti. Ukilazimika, tafuta unaotoka misitu ya vijiji inayovunwa kwa mpango. Kilosa, mkoani Morogoro, vipo vijiji vilivyogawa msitu kwa vitalu vya kukatwa kwa zamu, ili visiki vipate takribani miaka 24 ya kuchipua. Na jiko la mkaa lisilale chumbani na watu: hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua.