Jioni ya Chennai: ulipie nini kwanza, uache nini mwisho

Waswahili wengi wanaofika Chennai, kusini mwa India, wamekuja kwa matibabu au kumsindikiza mgonjwa, na hupanga vyumba karibu na hospitali, kama pande za Greams Road. Mchana wote huishia kwenye foleni za vipimo. Inabaki jioni, na hapo ndipo rupia hupotea bure: mgeni anaingia hoteli ya kwanza yenye kiyoyozi, anakula bafe ya bei mbaya, anarudi kulala. Orodha hii imepangwa kwa thamani ya pesa, inayostahili zaidi ikitangulia. Bei ni za kukadiria na hupanda kila mwaka.

1. Tifini ya jioni kwenye hoteli za wasiokula nyama

Tifini ni vyakula vyepesi vya huko, na hakuna kinachoishinda. Saravana Bhavan (ilianza 1981 mtaa wa K.K. Nagar), Sangeetha, Murugan Idli Shop na Ratna Cafe ya Triplicane zote zinauza idli (vitumbua vya mchele vya mvuke), dosa (chapati nyembamba iliyokauka), vada (bajia nene) na pongal kuanzia alasiri hadi kama saa nne usiku. Watu wawili hushiba kwa chini ya rupia 500, kahawa ikiwemo.

Kosa la wageni ni kuulizia wali wa jani la mgomba saa mbili usiku. Huo ni mlo wa mchana, kati ya saa tano na saa tisa. Usiku hoteli nyingi hawanao, na wachache walio nao wanakupa mboga zilizopikwa asubuhi. Jioni agiza kinachotoka jikoni wakati huo huo.

Idli huumuliwa usiku kucha kisha hupikwa kwa mvuke, haina mafuta, na humfaa hata mtu aliyetoka upasuaji, daktari akisharuhusu chakula kigumu. Pongal ni mchele na choroko zilizoparazwa, samli na pilipili manga nzima; ni laini lakini samli yake si ya mzaha, mgonjwa wa moyo aiache. Mwenye tumbo bovu apewe wali wa mtindi. Sambar ni mchuzi wa mbaazi zilizokobolewa na ukwaju: Ratna Cafe huimwaga juu ya idli mpaka zielee, na ndiyo sababu ya watu kwenda pale. Ule unga mwekundu unaochanganywa na mafuta ya ufuta mezani ni pilipili kali pamoja na dengu za kukaanga. Onja kwa ncha ya kidole kwanza.

Dosa usifungashe. Ikifungwa hutoa mvuke wake yenyewe, na ndani ya dakika kumi ule ukavu umekwisha, unabaki na kitambaa. Ukitaka kumpelekea mgonjwa chakula wodini, beba idli, chatne ikae mfuko wake.

Hoteli nyingi zina sehemu mbili. Ya chini unalipa kaunta, unapewa risiti, unaipeleka dirishani na kula umesimama. Ya juu ina kiyoyozi na mhudumu, na chakula kile kile huwa na bei ya juu zaidi. Kama si Mei, wakati joto linapita nyuzi 38, kaa chini.

Kahawa iwe ya mwisho. Inachujwa tone kwa tone kwenye chombo cha vyumba viwili, mara nyingi ikiwa imechanganywa na chikori, kisha hutiwa maziwa yanayochemka. Inaletwa kwenye bilauri ya chuma iliyokaa ndani ya kibakuli. Bilauri haishikiki, ishike ukingoni, mimina kwenye kibakuli, rudisha, mara tatu au nne, mpaka povu lipande na joto lishuke. Sukari huwa imeshawekwa, kwa hiyo mwenye kisukari aseme wakati wa kuagiza.

2. Biriani, parota na mapishi ya Chettinad

Kwa mla nyama, hapa ndipo pa kutumia rupia 300 hadi 500 kwa kichwa. Buhari ya Anna Salai iko tangu 1951 na ndiyo inayotajwa kuwa asili ya Chicken 65, vipande vya kuku vilivyokolezwa pilipili na kukaangwa. Nyuma yake Triplicane ni mtaa wenye Waislamu wengi, kuzunguka msikiti wa Wallajah wa mwaka 1795, na chakula halali hakitafutwi kwa tochi. Sehemu nyingine uliza, au tazama cheti karibu na keshia. Neno mutton kwenye menyu kwa kawaida ni nyama ya mbuzi. Ng'ombe ni nadra.

Biriani za kule si zote za basmati. Za mtindo wa Dindigul, mji wa jimbo hilo hilo la Tamil Nadu, hupikwa kwa seeraga samba, mchele wa punje ndogo sana unaonyonya mchuzi wote, na mdomoni ni mzito kuliko biriani ya Mombasa au Unguja. Huja na mchuzi wa bilinganya na vitunguu vya mtindi. Kabla ya kulipa uliza kama sufuria ya jioni imeshafunguliwa. Ukiwahi saa kumi na mbili unaweza kupewa makombo ya mchana: wali wa juu umekauka, nyama imebaki mifupa.

Anjappar na Ponnusamy ni hoteli za zamani za mapishi ya Chettinad, eneo la kusini mwa jimbo. Ukali wake unatokana zaidi na pilipili manga, kwa hiyo hukukamata koo baada ya kumeza, si ulimi. Ukisema "karam kammi" (ukali kidogo) watapunguza, ila mchuzi uliokwisha kupikwa haupunguziki; sema hivyo kwa vya kukaanga. Wana pia paniyaram, ambayo ni kitumbua mtupu, isipokuwa mara nyingi huwa ya chumvi na vitunguu. Kothu parota ni ya wenye njaa: chapati za tabaka hukatwakatwa kwa vyuma viwili juu ya bamba la moto pamoja na yai na mchuzi, na kelele yake utaisikia kabla hujaiona hoteli.

3. Muziki wa sabha

Kama uko Chennai kati ya katikati ya Desemba na katikati ya Januari, hii inapanda namba moja. Ni msimu wa Margazhi, na kumbi zinazoitwa sabha huweka matamasha ya muziki wa Karnatik, ule wa jadi wa India Kusini, kutwa nzima. Music Academy, ya tangu 1928, ndiyo yenye heshima kubwa. Narada Gana Sabha na Krishna Gana Sabha nazo hazina aibu. Katika kumbi nyingi matamasha ya mchana ni bure, na ya jioni ni ya tiketi. Nunua ya bei ya chini; vipaza sauti vinatosha hadi nyuma.

Tamasha la jioni huchukua saa mbili na nusu hivi. Wimbo mkuu ukishafika, waimbaji hunyamaza na ngoma ya mridangam ikapiga peke yake. Hapo nusu ya ukumbi husimama kwenda kantini. Wewe kaa, ndicho kipande kinachomfaa zaidi asiyejua lugha. Kantini nenda kabla, maana vyakula vyake vya msimu vina sifa kuliko baadhi ya waimbaji.

4. Sinema

Serikali ya jimbo imeweka ukomo wa bei, hivyo hata ukumbi mzuri kama Sathyam wa Royapettah ni kama rupia 200, na ada ya mtandaoni juu yake. Bisi zake ni maarufu. Filamu ya Kitamil huchukua karibu saa tatu na ina mapumziko katikati. Soma maelezo ya onyesho kama kuna maandishi ya Kiingereza chini. Mara nyingi hakuna. Siku za kwanza za filamu ya nyota mkubwa utasikia miluzi kuliko maneno.

5. Ufukwe

Marina na Elliot's ni bure. Nunua sundal: dengu za kuchemsha, nazi ya kukuna, embe bichi. Usioge, mkondo wake unaua watu. Novemba ni mvua kubwa, usihangaike.

6. Bafe na baa za hoteli kubwa

Ziko mwisho kwa sababu ya hesabu. Mgahawa wa kawaida hutoza kodi asilimia 5, ikionekana kwenye bili kama mistari miwili ya 2.5. Hoteli ambayo chumba chake kinazidi rupia 7,500 kwa usiku hutoza asilimia 18. Bafe ya 2,200 inakuwa 2,596 kabla hujanywa soda. Ukiona na ada ya huduma, waambie waitoe. Tangu 2022 mamlaka ya walaji imekataza kuilazimisha. Pombe ni kuanzia miaka 21, na tarehe 26 Januari, 15 Agosti na 2 Oktoba haiuzwi. Baadhi ya klabu haziruhusu wanaume bila wanawake. Piga simu kabla ya kulipia teksi.

Metro huisha kama saa tano usiku. Ukiikosa, fungua programu ya teksi uone nauli kwanza, ndipo uongee na bajaji, na uwe na noti za 50 na 100, kwa sababu chenji ya 500 usiku hawana.