Daftari la wodi au mkeka wa wafiwa?

Ukitaka kujua watu wa Jiji la Tanga wanakufa kwa maradhi gani, njia ni mbili. Daftari la hospitali, tuseme Bombo, lina sababu iliyoandikwa na daktari, pengine kwa kipimo cha maabara. Kasoro yake ni moja, ila kubwa: haliwaoni waliofia nyumbani. Mzee wa Ngamiani akikata roho alfajiri, alasiri keshazikwa. Ilikuwa presha au kisukari? Daftari halijui.

Njia ya pili ni mkeka, yaani kuwahoji wafiwa, matanga yakishaanuliwa: homa ilianza lini, miguu ilivimba, alikohoa muda gani? Kisha madaktari husoma majibu na kukadiria sababu. Mradi wa AMMP, uliochunguza maradhi na vifo vya watu wazima, ulifanya hivyo kuanzia 1992 Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, na kiharusi kikaonekana kinaua sana, hata shambani. Lakini kwa maelezo ya mdomo malaria hufanana na homa nyingine, na UKIMWI watu huuficha (nani atamwaga siri ya marehemu mbele ya karani?).

Kupanga bajeti ya mitaa, mimi nachukua mkeka. Daftari nalibakizia mganga mkuu na wodi zake.